Jopo limesema shule niliyobuni itakuwa ya moto. Nianzie wapi?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasomea ubunifu majengo hapa Dar es Salaam. Muhula huu studio yetu ni ya ubunifu endelevu, na tumepewa kubuni shule ya sekondari ya kutwa yenye madarasa manane nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kiwanja ni kirefu kutoka kaskazini kwenda kusini, barabara iko mashariki. Nimeyapanga madarasa pande mbili za korido: mstari mmoja unatazama barabara, mwingine unatazama magharibi. Nimeweka paneli za sola, bustani juu ya paa, kuta za udongo wa kushindilia zenye unene wa sentimita 40 (udongo umechanganywa na saruji asilimia 8), na tangi la maji ya mvua la lita 10,000. Kwenye uwasilishaji wa nusu muhula jopo likasema ni "jengo la kawaida lililovishwa sola" na kwamba watoto wataungua humo ndani. Nilishindwa kujibu. Wenzangu wanatumia programu za kupima joto na upepo, kompyuta yangu haiziwezi. Na kuta nene za udongo si ndizo zinazosifiwa Burkina Faso? Nimebakiza wiki sita, silali vizuri, na nimeanza kuamini fani hii si yangu. Nianzie wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote nikwambie ninachokiona. Umekusanya vitu vinne ambavyo kila kimoja kina sifa yake, kisha ukaviweka juu ya ramani ambayo ilikuwa imeshaamua joto la madarasa. Jopo waliiangalia ramani, wewe ukawa unatetea vitu. Ndiyo maana mlipishana, na ndiyo maana ulikosa la kujibu ingawa hukuwa mvivu wala mjinga.

Wanafunzi wengi hufundishwa, hata bila mtu kukusudia, kwamba uendelevu ni hatua ya mwisho: unabuni kwanza, halafu unaongeza sola, majani na tangi. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika mistari michache ya mwanzo, yaani jengo limeelekea wapi, lina upana gani, na paa lake likoje. Mistari hiyo haigharimu kitu kuichora upya leo. Ikishajengwa, hakuna paneli itakayoirekebisha.

Tuanze na jua. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana hupita juu sana mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, kimo chake takriban nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba linaegemea kusini, kimo takriban nyuzi 73. Jua lililo juu hivyo ni rahisi kulizuia. Dirisha la urefu wa mita 1.2 linalotazama kaskazini linahitaji ukingo wa paa uliotokeza kama sentimita 70 ili jua la saa sita mwezi Juni lisiliguse, na linalotazama kusini linahitaji kama sentimita 36 mwezi Desemba. Sasa geukia mstari wako wa mashariki. Saa mbili asubuhi watoto wameshakaa, na jua bado liko kimo cha chini ya nyuzi 30, linaingia moja kwa moja hadi kwenye madaftari. Ili dirisha lilelile lipate kivuli saa hiyo, ukingo unatakiwa utokeze zaidi ya mita 2. Mstari wa magharibi nao unapata zamu yake kuanzia alasiri, wakati kuta na hewa vimeshapata moto wa mchana kutwa.

Kwa hiyo jengo lilalie mashariki na magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Najua utasema barabara iko mashariki na shule inapaswa kuonekana. Itaonekana kwa lango, kwa miti, kwa ukuta mfupi wa mwisho wa jengo wenye jina la shule. Darasa halina haja ya kutazama barabara.

Bahati yako ni kwamba upepo haupingani na uamuzi huu. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kati ya Desemba na Machi, miezi ile ya joto kali. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Jengo lililolala mashariki na magharibi linapokea pepo zote mbili kwa mshazari, na upepo wa mshazari bado unaingia vizuri dirishani ilimradi una pa kutokea. Hapo ndipo korido yako inapoua kila kitu. Darasa lenye madirisha upande mmoja na korido upande wa pili linapumua kwa pua moja. Kwenye hewa yenye unyevu kama ya Pwani, mwili hupoa kwa jasho kukauka, na jasho halikauki hewa ikisimama. Upepo mwepesi wa mita 1 kwa sekunde unaweza kumfanya mtu ahisi ubaridi wa nyuzi mbili au tatu zaidi hata kama kipimajoto hakijashuka. Hicho ndicho kiyoyozi cha shule hii.

Badilisha madarasa yawe mstari mmoja, yenye madirisha pande zote mbili na varanda upande mmoja badala ya korido. Usimfiche mwalimu wako gharama zake. Jengo la mstari mmoja lina msingi mrefu zaidi na paa refu zaidi kuliko la pande mbili, linakula kiwanja, na kelele za varandani zinaingia darasani. Kwa hali ya hewa ya Bagamoyo mimi ningelipa gharama hiyo bila kusita. Kwa Njombe, kwenye baridi, ningefikiria tena. Madarasa manane ya mita 9 kila moja kwenye mstari mmoja yanafika mita 72, kwa hiyo yagawe majengo mawili ya madarasa manne, yote yakikata kiwanja kwa upana. Kiwanja chako kirefu kinakubali hilo kuliko unavyodhani. Ila usilipange la pili nyuma ya la kwanza kwa karibu, la kwanza litalizuilia upepo. Lisogeze pembeni kidogo, na uache uwanja mpana wenye miti katikati.

Sasa kuta za Burkina Faso. Nadhani umeiona shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, kazi ya Diébédo Francis Kéré, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu majengo duniani. Picha zake nyingi zinaonyesha matofali ya udongo, na watu wakaondoka na udongo. Tazama mkato wake, ule mchoro unaokata jengo wima. Juu ya madarasa kuna dari la matofali lililoachiwa nafasi za hewa kupita, na juu ya dari hilo bati limenyanyuliwa mbali kabisa kwa mihimili myepesi iliyoungwa kwa nondo za kawaida. Hewa ya moto inapanda na kutoka, upepo unafagia kati ya bati na dari, na bati linatokeza kukinga kuta kwa jua na mvua. Ukiiga kuta ukaacha paa, umeiga nusu isiyo na kazi kubwa.

Na hizo kuta zenyewe zinafanya kazi kwa sharti moja. Ukuta mzito unameza joto mchana na kulitoa usiku, na ili ulitoe lote, usiku wenyewe lazima uwe wa baridi. Gando usiku wa kiangazi hewa hupoa vya kutosha. Dodoma pia, tofauti ya mchana na usiku hupita nyuzi kumi. Bagamoyo usiku wa Februari joto halishuki sana chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo ukuta unaamka na mzigo wa jana. Kwa darasa la mchana madhara yake si makubwa, kwa bweni yangekuwa mateso. Kwa vyovyote faida uliyoitarajia haipo. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar nazo zina kuta nene, lakini unene ule unatokana na matumbawe na chokaa yaliyokuwepo na ghorofa zilizobebwa. Raha yake inatoka zaidi kwenye vichochoro vyenye kivuli, dari refu na ua wa ndani unaovuta hewa.

Kuna hesabu nyingine kuhusu ukuta wako ambayo nataka uifanye kwa mkono wako, maana ndiyo itakayokubadilisha. Mita moja ya mraba ya ukuta wa sentimita 40 ina udongo wa mita 0.4 za ujazo. Ukishindiliwa, uzito wake ni kama kilo 760. Asilimia 8 ya hapo ni saruji kilo 61, zaidi ya mfuko mmoja wa kilo 50. Linganisha na ukuta wa kawaida wa tofali la saruji na mchanga la inchi sita: ukijumlisha saruji ya tofali, ya kujengea na ya lipu, utapata kama kilo 40 hadi 50 kutegemea fundi anavyochanganya. Yaani ukuta wako wa "udongo" unakula saruji kuliko ule unaoukimbia. Na saruji ndiyo mzigo wenyewe: klinka, yaani vipande vinavyosagwa kuwa saruji, inachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka haitokani na moto bali na mawe ya chokaa yenyewe yanapovunjika. Ndiyo maana uzalishaji wa saruji duniani unachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na binadamu.

Unabaki na njia gani? Tofali la udongo la kufungamana lenye upana wa sentimita 15 hivi, kwa asilimia 8 ileile, linatumia kama kilo 23 kwa mita ya mraba, halihitaji saruji nyingi ya kuunganishia, na linaweza kuachwa bila lipu chini ya paa lililotokeza vizuri. Halichomwi, kwa hiyo hakuna kuni. Lakini udongo wa pwani una mchanga mwingi, na si kila udongo unakubali. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, udongo wa mfinyanzi juu. Pima kila tabaka kwa rula, piga picha, bandika kwenye ubao wako wa studio. Bila kusema neno, jopo litaona kwamba umegusa udongo wa mahali penyewe.

Paa ndilo ninalotaka ulipe muda mwingi kuliko vyote. Karibu na ikweta, mchana wa jua kali, kila mita ya mraba ya paa inapokea nishati ya karibu wati 1,000. Darasa la mita 7 kwa 9 ni mita za mraba 63: ni kama umepanga pasi sitini za umeme juu ya vichwa vya watoto. Nyingi ya nishati hiyo inarudishwa au kupeperushwa ukitengeneza paa vizuri, na inaingia ndani ukitengeneza vibaya. Bati tupu lisilo na dari linapata moto na kuumwaga chini kwa miale, na upepo wa dirishani hauwezi kuzuia miale. Kwa hiyo weka bati la rangi nyepesi, chini yake nafasi ya hewa iliyo wazi pande zote mbili na kwenye kilele, kisha dari. Dari hilo linakupa zawadi nyingine: mvua ya masika ikigonga bati tupu, mwalimu husimamisha somo kwa sababu hasikiki. Mtu aliyesoma shule zetu analijua hilo, na jopo lako nalo linalijua.

Bustani ya paa iache. Sentimita 10 za udongo uliolowa zina uzito wa kilo 180 hadi 200 kwa mita ya mraba, wakati bati ni kilo 5 hivi. Utalazimika kumwaga zege na nondo kubeba majani ambayo kiangazi yatataka maji. Mwembe uwanjani unafanya kazi kubwa zaidi kwa bei ya mche.

Sola ibaki, kwa taa, kompyuta na pampu. Isipewe sifa ya kupoza jengo.

Tangi lilitaka hesabu ndogo tu. Paa lako jipya pamoja na varanda litafika kama mita za mraba 650. Mvua moja nzito ya milimita 25, ukitoa kinachopotea, inakuletea lita 13,000, hivyo tangi limejaa na kumwaga kwa mvua moja. Na wanafunzi 320 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku, lita 10,000 zinaisha siku ya saba ya masomo. Sikwambii uweke tangi la ukubwa fulani. Amua maji hayo ni ya nini, kunawa, vyoo au kunywa, na kiangazi kati ya masika na vuli utakivuka vipi. Jibu lolote lenye hesabu nyuma yake litasimama.

Kuhusu kompyuta, usihuzunike. Programu za kupima joto ni nzuri kwa kulinganisha chaguo mbili zinazokaribiana, na mtu asiyejua anauliza nini hupata picha yenye rangi nyekundu na buluu asiyoweza kuieleza. Wewe jenga modeli ya darasa moja tu, kwa uwiano wa 1:50, yenye paa linaloweza kufunguliwa. Tafuta mchoro wa saa ya jua wa latitudo ya nyuzi 6 au 7 kusini, uchapishe, ubandike pembeni ya modeli ukiuelekeza kaskazini ya modeli, usimamishe pini ya urefu ulioandikwa. Toka nayo juani. Iinamishe taratibu hadi kivuli cha pini kiangukie Juni saa tatu asubuhi, kisha chungulia ndani uone jua limefika wapi sakafuni. Fanya hivyo kwa Desemba, kwa Machi, kwa alasiri. Mchana mmoja wa zoezi hili utakufundisha kivuli kuliko wiki nzima mbele ya skrini. Kwa upepo, weka feni ya mezani na kijiti cha udi. Moshi hautakupa kasi halisi, ila utaona unapokwama, na mara nyingi unakwama chini ya dari kwa sababu hukuacha matundu juu. Kuna pia zana za bure za njia ya jua zinazofunguka kwenye simu, na programu ya EDGE ya IFC, taasisi iliyo chini ya Benki ya Dunia, haina malipo kuitumia mtandaoni. Inalinganisha jengo lako na la kawaida kwa nishati, maji na vifaa vya ujenzi, na kigezo chake ni kuokoa angalau asilimia 20 katika kila kimoja. Ukifika wiki ya nne ukiwa na maswali mawili yaliyobaki, muombe mwenzako mwenye mashine nzuri akupimie darasa moja, si shule nzima.

Na utoke nje ya studio. Omba ruhusa kwenye shule moja ya Pwani, nenda na kipimajoto cha bei nafuu, kaa darasani saa nane mchana. Pima chumba chenye dari na kisicho na dari siku hiyohiyo. Angalia madawati yamesogezwa wapi, dirisha gani limezibwa kwa kadibodi na kwa nini. Ukirudi mjini pita Kariakoo, ulitazame paa la soko kuu alilobuni Beda Amuli miaka ya 1970: miavuli ya zege iliyopinduliwa inayokusanya maji ya mvua huku hewa na mwanga vikipita kati yake. Kilichomo humo ni umbo lenyewe likifanya kazi, hakuna kilichobandikwa baadaye.

Siku ya mwisho, usianze na neno endelevu. Anza na mkato mmoja mkubwa wa darasa: kimo cha jua Juni na Desemba, njia ya upepo wa kaskazi, hewa inavyotoka kileleni. Pembeni weka ramani ya zamani na mpya, na kilo za saruji kwa mita ya mraba. Sema ulichopoteza pia, kelele na urefu wa msingi. Jopo huwa gumu kwa mtu anayedai jengo lake halina dosari, na hulainika mbele ya aliyepima.

Kuhusu fani kutokuwa yako: anayeuliza kwa nini ukuta aliouamini haufanyi kazi yuko mahali pake. Ila kutolala ni jambo jingine. Utamaduni wa kukesha studio unasifiwa kupita kiasi, na kazi ya mtu aliyekesha siku tatu huonekana tu kwenye makosa ya vipimo. Kama usingizi umekukimbia hata usiku usio na kazi, au unahisi kila kitu hakina maana, nenda kamwone mshauri wa wanafunzi chuoni wiki hii, wala usingoje uwasilishaji upite.

Yapo pia ambayo mimi siwezi kukuamulia kwa maandishi. Udongo ukifaulu kwenye chupa bado unahitaji maabara kabla ya kuandika asilimia ya saruji. Kilo zangu za saruji zipeleke kwa mwanafunzi mwenzako wa ukadiriaji majenzi azihakiki kwa bei za sasa. Na kama ndugu au kanisa watapenda michoro yako na kutaka kuijenga, isitoke mikononi mwako mpaka ipitiwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, pamoja na mhandisi, kwa sababu bati lililonyanyuliwa hivyo hushikwa na upepo kama tanga. Mhandisi huyo mtafute hata kwa kazi ya studio, na umwone kabla ya wiki ya tatu. Akikwambia nguzo zisogee, bado utakuwa na muda wa kusogeza madirisha.